Baruku, Mwandishi Aliyechoka

Somo: Yeremia 36 na 45, Warumi 16:21-23



Mwaka jana alinijia nyumbani mama mmoja aliyekuwa katika darasa langu la kwanza kabisa, nilipotoka chuo cha ualimu. Sasa naye anakaribia kustaafu. Miaka yake yote amekuwa katibu muhtasi katika ofisi ambayo sitaitaja. Akanieleza kwamba mkubwa wake alimtaka aubadilishe muhtasari wa kikao, aandike kuwa jambo fulani lilikubaliwa, hali yeye alikuwapo na alisikia likikataliwa. Akakataa kwa adabu. Baada ya wiki mbili akahamishiwa masjala kupanga majalada. "Mwalimu," akaniuliza, "wenzangu tuliosoma pamoja ni wakurugenzi. Mimi nimemaliza umri wangu nikiandika maneno ya watu wengine. Hivi nilifanya kazi gani?"

Nilimjibu haraka haraka, kama tulivyozoea walimu, kwamba kila kazi ni njema mbele za Mungu. Akamaliza chai yake, akaaga. Nami nilijua kuwa sikumjibu.

Ndipo nikamkumbuka Baruku mwana wa Neria, aliyekuwa mwandishi wa nabii Yeremia. Sura ya 36 yatueleza kazi yake. Yeremia alisema kwa kinywa, Baruku akaandika katika gombo. Tena, kwa kuwa Yeremia alikuwa amezuiliwa asiingie nyumba ya Bwana, Baruku ndiye aliyekwenda kuyasoma maneno yale mbele ya watu. Wakuu wakamwuliza ameyaandikaje. Akajibu kwa ufupi: yeye alinitajia, mimi nikaandika kwa wino. Wala hakujisifu, wala hakujitetea. Nadhani kila katibu aliyewahi kuulizwa juu ya barua iliyotoka ofisini mwake analijua jibu hilo.

Gombo likafika kwa mfalme Yehoyakimu. Ilikuwa wakati wa baridi, na moto ulikuwa ukiwaka mbele yake. Kila Yehudi aliposoma safu tatu au nne, mfalme alizikata kwa kijisu cha mwandishi akazitupa motoni, hata gombo lote likateketea. Tazameni, ndugu zangu: chombo kile kile cha kazi ya uandishi ndicho kilichoiharibu kazi ya mwandishi! Wakuu watatu walimsihi mfalme asilichome, asiwasikie. Kisha neno likamjia Yeremia achukue gombo jingine, na Baruku akaketi tena, akaandika yote tangu mwanzo, na mengine mengi yakaongezwa. Wenzetu ambao umeme umewakatikia kabla ya kuihifadhi kazi kwenye kompyuta wamepata kionjo kidogo tu cha siku ile.

Lakini sura iliyonisaidia ni ya 45, fupi mno, aya tano tu. Humo Baruku analia. Anasema amechoka kwa kuugua, wala hapati raha. Na mwenye kuugua huyu hakuwa mtu wa ukoo duni. Ndugu yake Seraya twamkuta baadaye, katika sura ya 51, akisafiri na mfalme Sedekia kwenda Babeli akiwa na cheo. Basi ndugu mmoja yuko katika msafara wa mfalme, na mwingine ana wino vidoleni.

Bwana akamjibu. Hakumwambia kwamba kazi yake ni ndogo, aridhike nayo. Hakumwahidi kupandishwa cheo. Alimwambia kwamba Yeye mwenyewe anabomoa alichokijenga na kung'oa alichokipanda. Je, Baruku ajitafutie makuu? Asiyatafute. Ila atapewa nafsi yake iwe nyara kila aendako. Maana yake, katika nchi inayoanguka, yeye atatoka na uhai wake. Naye akatoka. Yerusalemu ilipoanguka, wakuu wengi walipotea pamoja na vyeo vyao. Baruku twamkuta hai katika sura ya 43, angali pamoja na Yeremia.

Hapa niseme neno kwa walio wakubwa wa ofisi. Msilichukue andiko hili kumnyima mtu daraja lake au mshahara wake. Aliyesema na Baruku ni Mungu, si mwajiri. Matangazo ya kazi serikalini yamekuwa yakimtaka katibu awe na hatimkato ya Kiswahili na ya Kiingereza, maneno 100 kwa dakika moja. Jaribuni wenyewe! Nilipokuwa chuoni, mitihani yetu yote ilipigwa chapa kwenye stensili na mama mmoja. Ilipita mikononi mwake kabla hatujaiona, wala swali moja halikuvuja. Naona haya kusema kwamba jina lake sikulijua.

Mtume Paulo hakuwa hivyo. Mwisho wa Waraka kwa Warumi, kati ya salamu za Timotheo na za Gayo, na Erasto wakili wa mji, yupo Tertio. Anasema yeye ndiye aliyeuandika waraka, naye anawasalimu katika Bwana. Mstari mmoja tu, nao ni wake mwenyewe. Paulo alimpa nafasi.

Nilikwenda kumtazama yule mama mwezi uliopita, nikamsomea Yeremia 45 polepole, bila maelezo. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe muhtasari ule bado uko kwenye jalada, Mwalimu, kama nilivyouandika. Nimeuona mwenyewe masjala."

Makala haya niliyapeleka kwa mkono katika ofisi ya parishi. Dada anayetupigia chapa gazeti hili alinirudishia karatasi moja, kwa kuwa mahali nilipotaka 45 nilikuwa nimeandika 54, na Yeremia hana sura hiyo. Nikamwomba aweke salamu yake hapa chini, kama Tertio. Amecheka, hajakubali bado. Nimemwachia mstari mmoja.