Nani Anastahili Kuitwa Gwiji? Mpira, Heshima na Amri ya Nane



Hapa Singida ubishi wa mpira haungoji mwaliko. Uwe kijiweni kwa bodaboda, kwenye mashine ya kukamua alizeti au nje ya kanisa baada ya Misa, ukitaja tu jina la mchezaji aliyestaafu, watu wameshagawanyika. Sasa chukua swali hili: tukiambiwa tuchague wachezaji kumi wastaafu wa Tanzania wa kuwekwa kwenye ukumbi wa magwiji, nani aingie na nani abaki nje? Ligi Kuu ya Uingereza ilifungua ukumbi wake mwaka 2021 kwa majina ya Alan Shearer na Thierry Henry. Sisi bado tunabishana.

Kuna watakaosema haya ni maneno ya kupoteza muda, kijana Mkatoliki atafute mada ya maana. Mimi naona mada ya maana imo humo humo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba kumpa mtu heshima ni kutoa ushuhuda juu ya ubora ulio ndani yake. Kama heshima ni ushuhuda, basi anayechagua gwiji amesimama kama shahidi. Na shahidi anabanwa na Amri ya Nane. Swali la "nani anastahili" linageuka kuwa swali la ukweli: je, ninachosema juu ya mtu huyu ndicho alichokuwa?

Ushahidi wetu unaweza kuharibika kwa njia tatu.

Ya kwanza ni ushabiki. Mtu wa Yanga atakutajia Mohamed Hussein "Mmachinga" na mabao yake 26 ya msimu mmoja, mwaka 1999. Mtu wa Simba atajibu kwa Juma Kaseja, aliyekuwa golini mwaka 2003 Simba walipowang'oa Zamalek, mabingwa watetezi wa Afrika, kwa penalti. Wote wawili wana hoja nzito. Shida inaanza pale ambapo mtu wa Yanga hawezi kabisa kulitamka jina la Kaseja bila kuongeza "lakini", na wa Simba vilevile kwa Mmachinga. Yaani sifa ya mwenzako inakuuma. Hapo hatupimi mchezaji tena, tunajipima sisi kwa sisi. Jaribu zoezi dogo: taja wachezaji wawili wa timu usiyoipenda ambao wanastahili, na useme kwa nini. Ukishindwa, tatizo si lao.

Ya pili ni kusahau, na hii ndiyo inatugusa zaidi sisi vijana wa mtandaoni. Tunamkubali tuliyemwona kwenye video. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi miaka ya 1990. Mwaka 1979, Peter Tino aliposawazisha kule Ndola, Zambia, na kuipeleka Taifa Stars kwenye Fainali za Mataifa ya Afrika za 1980 mjini Lagos, watu wengi walilipokea bao lile kwa masikio, redio ikiwa katikati yao. Thuwein Ally alifunga kule Lagos. Leodegar Tenga alikuwa nahodha, na baadaye akawa rais wa TFF. Baada ya kikosi kile tulikaa miaka 39 bila kurudi, hadi Misri 2019. Leo kijana anasema, "Huyo simjui, clip yake iko wapi?" Kukosekana kwa video si ushahidi kwamba mtu hakucheza. Kama hukumwona, waulize waliomwona. Mzee wako hapo nyumbani huenda ndiye shahidi uliyebaki naye, na hatakuwepo siku zote.

Ya tatu ni kuchanganya mahakama. Mtu anauliza: je, mchezaji aliyekuwa mlevi, au aliyetelekeza familia, aingie kwenye ukumbi wa magwiji? Wengine hujibu haraka, "Kipaji kinatosha." Wengine nao: "Mwenye dhambi hastahili heshima yoyote." Nadhani wote wanakosea. Kumbi za mpira hazitangazi watakatifu; zinashuhudia jambo moja, kwamba mtu huyu aliucheza mchezo huu vizuri kuliko wengi. Bao lake halifutiki kwa sababu ya dhambi yake, na dhambi yake haifutiki kwa sababu ya bao. Lakini aliyeuza mechi, kwa mfano, kesi yake ni tofauti, maana yeye aliudanganya mchezo wenyewe. Huyo hata kwa kipimo cha mpira tu ameanguka. Mengine ya maisha yake tusiyafiche tukiulizwa, ila hukumu yake tumwachie Mungu.

Hapa Kanisa lina uzoefu wa kutufundisha. Kabla mtu hajatangazwa Mwenye Heri au Mtakatifu, mashahidi husikilizwa, maandishi huchunguzwa, na kwa kawaida ni lazima ipite miaka mitano tangu afariki ndipo mchakato uanze. Mwalimu Nyerere, ambaye mchakato wake ulianzia Jimbo la Musoma, mpaka leo tunamwita Mtumishi wa Mungu. Hakuna kurukia. Sisi kijiweni tunamtangaza mtu gwiji kwa mechi moja, na kumshusha kwa penalti moja.

Lakini kuna tofauti moja muhimu. Kanisa linangoja kifo kwa sababu mbio za utakatifu humalizika hapo. Mbio za mpira humalizika siku mchezaji anapotundika daluga. Basi hatuna sababu ya kungoja msiba. Tumezoea kumsifu mtu akiwa kwenye jeneza, wakati alipokuwa hai, mgonjwa na hana nauli ya kwenda hospitali, hatukumkumbuka. Ushuhuda huo ni wa kweli, ila umechelewa, na haki inayocheleweshwa kwa makusudi ni dhuluma. Kama kuna mchezaji mstaafu mtaani kwenu, mwite aongee na vijana wa parokia Jumapili hii. Mwulize maswali. Mnunulieni soda.

Na wale ambao hawataingia kwenye orodha yoyote? Singida United, Walima Alizeti wetu, walipanda Ligi Kuu mwaka 2017 na kufikia 2020 walishashuka. Wachezaji wengi wa timu za namna hiyo hakuna atakayewapigia kura. Kanisa linajua kwamba orodha zake zenyewe hazitoshi, ndiyo maana tarehe 1 Novemba linawaadhimisha Watakatifu Wote, pamoja na wale ambao majina yao hatuyajui. Paulo naye aliwakumbusha Wakorintho (1 Kor 9) kwamba taji la mwanamichezo huharibika, na lipo lingine lisiloharibika. Ukumbi wa magwiji unatoa lile la kwanza. Tulitoe kwa haki, tukijua kwamba si la mwisho.

Tuombe: Ee Bwana, utupe ulimi mkweli wa kusifu wanaostahili, hata wakiwa si wa upande wetu, na macho ya kuwaona waliosahauliwa. Amina.