Kivuli cha mwembe kisikae bure

Chini ya mwembe kuna ardhi tunayoifagia kila asubuhi, lakini hatupandi kitu. Huku Ilemba, bondeni chini ya miinuko ya Ufipa, jua ni kali na kivuli hicho ni mali. Panda magimbi. Huvumilia kivuli chepesi, mradi udongo usikauke, na majani yake mapana hupendezesha ua.

Kabla ya kushika jembe, tazama saa sita mchana kivuli kinaishia wapi. Bustani ikae hapo pembezoni, penye mwanga wa madoadoa. Karibu na shina mizizi ya mwembe hunyang'anya maji, na kuikata ni kuujeruhi mti. Mvua za Novemba zikishika, chukua kichwa cha gimbi chenye kipande cha mabua, kifukie kwenye shimo lenye samadi iliyooza, sentimita 60 kutoka shina hadi shina. Tandaza majani makavu ya mwembe, yale tunayoyachoma bila sababu. Na watoto waambiwe mapema: gimbi bichi, jani hata kiazi, huwasha koo vibaya, lipikwe mpaka liive kabisa.

Gimbi likifikisha miezi saba au minane shambani, fukua shina moja la pembeni uone unene.