Sikuwalenga Wao

Kila Jumamosi jioni mzee mwenye nyumba hufungua gereji, huweka mizani mezani na kuanza kutengeneza risasi zake. Nimepanga chumba kwake hapa Flagstaff, Arizona, ninakosoma. Huchukua maganda yaliyokwisha kutumika, huyasafisha, hupachika fataki mpya, hupima baruti, kisha hukandamiza kichwa cha shaba kwenye mdomo wa ganda.

Kiswahili chetu hunichekesha hapa. Risasi ni ile inayotoka kwenye bunduki, na risasi ni madini yenyewe, yale mazito ya kijivu. Nilimwambia mzee kwamba kwa lugha yangu anatengeneza risasi zisizo na risasi. Akasema, "Ndizo zinazonisumbua."

Usumbufu ni huu. Shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye uzito uleule huwa kirefu mno. Mzee alishuka kutoka gramu 10.7 hadi 8.4. Kinachopungua kwenye uzito hukifidia kwa mwendo, kwa sababu shaba huhitaji kasi ili ifunguke kama ua inapoingia mwilini.

Kwa nini ahangaike? Kwa sababu ya ndege. Mwaka 1982 kondori wa California walikuwa wamebaki 22 tu duniani. Mwaka 1996 walianza kurudishwa Arizona. Kondori hula mizoga. Risasi ya kawaida ikimpiga kulungu humeguka vipande, vingine vidogo kama mchanga, vikabaki kwenye matumbo ambayo mwindaji huyaacha porini. Kondori akivimeza, sumu humlegeza hata chakula kisishuke, akafa njaa. California ilipiga marufuku risasi hizo kwa uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Arizona haikulazimisha. Inaomba, na wawindaji wa maeneo ya kondori wamewahi kupewa bure risasi salama.

Mzee alikubali ombi, lakini kulungu naye ana haki yake. Shaba iliyopoteza kasi hupenya kama msumari bila kufunguka, na mnyama hukimbia na jeraha. "Nikimwokoa ndege kwa maumivu ya kulungu, nimefanya nini?" aliniuliza. Jibu lake ni kutopiga chochote kilicho zaidi ya mita 200. Miaka mingine hurudi mikono mitupu.

Ningependa kuiacha hadithi hii iwe ya Wamarekani. Lakini nilipokuwa na miaka 9, kijijini kwetu nje kidogo ya hifadhi ya Ruaha, simba aliua ndama wetu wawili. Baba alimwaga dawa ya kuulia wadudu kwenye mzoga mmoja. Asubuhi simba hakuwepo. Tulikuta tumbusi sita wamelala mabawa wazi, na mmoja bado akitetemeka. Baba aliwatazama, akasema, "Sikuwalenga wao."

Alisema kweli, na ukweli huo una uzito. Aliyekusudia kuua si sawa na ambaye hakukusudia. Lakini neno hilo nadhani hutumika mara moja tu. Ukishawaona waliokufa, mara ya pili huwezi kusema hukuwalenga. Unaweza kusema tu kwamba hukuwahesabu.

Hapo ndipo ninapokwama. Mzee anawinda kwa hiari. Ana mizani, gereji na pensheni. Baba alikuwa analinda ada yangu ya shule. Dhamiri ya mzee humgharimu nyama ya msimu mmoja; ya baba ingegharimu masomo yangu, na pengine nisingekuwa hapa nikiandika haya. Bado sioni namna ya kusema kwamba tumbusi wa Ruaha walistahili hesabu ndogo kuliko kondori wa Arizona. Ninachokiona ni kwamba gharama ya kuwahesabu lazima mtu ailipe. Kule Ruaha sote tulinyamaza, bili wakaachiwa ndege.

Juzi nilimpigia baba simu nikamweleza habari za mzee na mita zake 200. Alisikiliza hadi mwisho.

"Mtu mwema," alisema. "Na ng'ombe wake anawalinda vipi?"

"Hana ng'ombe, baba."

"Aa," alisema, kisha akaniuliza kama huku kuna baridi.