Mwongozaji na Neno Lake

Je, mtu aweza kutenda kosa mchezoni? Swali hili lilinijia jioni moja hapa Rohero, nilipokuwa nimeketi nyuma ya mpwa wangu akicheza mchezo wa kompyuta uitwao Kennedy Approach. Mchezo wenyewe ni wa kale: ulitolewa mwaka 1985 na kampuni ya MicroProse ya Marekani, na leo huchezwa kwa programu inayoiga mashine za wakati ule. Mchezaji hushika kazi ya mwongozaji wa ndege. Mbele yake pana rada tu. Ndege ni alama ndogo zinazosogea, naye huziamuru zipande, zishuke au zigeuke, nazo humjibu kwa sauti ya mashine, kavu lakini yenye kueleweka.

Mpwa wangu aliiamuru ndege moja ishuke, kisha akashughulikia nyingine iliyokuwa ikiita. Ile ya kwanza akaisahau. Nayo ikaendelea kutii, ikashuka hata ikagongana na ya tatu. Kijana akacheka. "Mjomba, hizi ni alama tu," akaniambia, akaanza upya.

Alisema kweli, wala simlaumu, hakuna aliyekufa. Kilichonishtua si kule kugongana bali ule utiifu. Ndege haikuona iendako. Ililiamini neno iliyopewa, na mwenye neno alikwisha kugeukia mambo mengine.

Nje ya mchezo hakuna kuanza upya. Tarehe 27 Machi 1977, katika uwanja wa Los Rodeos kisiwani Tenerife, ndege mbili za Boeing 747, moja ya KLM na moja ya Pan Am, ziligongana ukunguni, wakafa watu 583. Sababu zilikuwa nyingi, lakini mwalimu wa lugha hawezi kuipita hii: rubani msaidizi wa KLM alitoa taarifa kwa maneno yaliyoweza kumaanisha kwamba wako tayari kuruka, au kwamba wameshaanza. Mwongozaji akaitikia "OK", ndipo akaongeza kwamba wangoje. Nyongeza hiyo haikusikika vema, kwa kuwa Pan Am nao walikuwa wakisema wakati uleule. Baada ya msiba huo neno la kuruka liliwekewa mpaka katika mazungumzo ya redio: lisitamkwe ila katika kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta.

Hiyo "OK" ndiyo "sawa" yetu. Walimu wenzangu wajua jinsi neno hili lilivyo jepesi kinywani: nimesikia, nakubali, basi, niache. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alinijia nikisahihisha madaftari, akanieleza kwamba amepata kazi sokoni na huenda akaacha shule. "Sawa, mwanangu," nikasema, bila kuinua macho. Nilikusudia: nimesikia, tutazungumza. Kesho yake nafasi yake ilikuwa tupu, na kesho kutwa vilevile. Nilipokutana na mama yake, aliniambia kwa heshima nyingi kwamba mtoto wake asingethubutu kuondoka bila ruhusa yangu.