Aliyechelewa Akafika Salama

Mtu akijitia hatarini kwa makusudi, kisha akasalimika, je, alifanya sawa?

Tuwatazame wale wanaopanda milima ya Alps kwa miguu, mbali na njia zinazolindwa, ili washuke wakiteleza kwa skii. Katika majira ya kuchipua, usiku usio na mawingu hugandisha tabaka la juu la theluji hata likambeba mtu. Jua likichomoza huipiga kwanza miteremko inayoelekea mashariki, kisha ya kusini, na alasiri ya magharibi. Tabaka lile huyeyuka, maji hupenya chini, theluji hulegea, na mteremko huweza kuporomoka. Ndiyo maana wajuzi huondoka gizani, taa kichwani, ili wawe wameshashuka kabla ya adhuhuri. Huko Tirol, Austria, taarifa ya hatari, yenye daraja 1 hadi 5, mara nyingi majira hayo hutoa daraja moja la asubuhi na jingine la mchana, kwa mlima uleule.

Sasa chukulia vijana wawili. Wote wamesoma taarifa, wote wamelala hadi jua likapanda. Mmoja anapita na kurudi na picha nzuri. Mwingine anafuata dakika chache baadaye, anafukiwa. Huyu tutamwita mpumbavu, yule shujaa, na wengine wetu tutasema Mwenyezi Mungu alimlinda. Kweli alimlinda. Lakini kusalimika si fatwa. Matokeo ni qadar. Tutakaloulizwa ni tulichochagua kwa ujuzi tuliokuwa nao. Kisa cha Bedui na ngamia wake tunakijua sote. Mlimani, kamba ya kumfungia ngamia ni saa ya kuondoka.

Utauliza, kwa nini wasibaki nyumbani? Mvuvi angalau ana udhuru wa riziki. Mimi siioni starehe halali kuwa haramu kwa sababu ya hatari ndogo. Kinachonisumbua ni hatari wanayobebeshwa wengine. Aliyefukiwa, baada ya dakika 15 hivi matumaini yake yamepungua sana, kwa hiyo wenzake huanza kuchimba papo hapo, na waokoaji hupanda mteremko uleule, jua likiwa kali. Yule aliyefika salama hakuwahi kuwaita. Ila alipoondoka amechelewa alikuwa ameshawapangia saa ya kuja, bila kuwauliza.