Tawakali katika Boti ya Kukodi

Tawakali ni kumwachia Mungu matokeo baada ya mja kutimiza wajibu wake. Ugumu uko katika kujua wajibu huo unaishia wapi. Dar es Salaam swali hilo hujitokeza kila familia au jumuiya inapokodi boti Kunduchi au Msasani, wilayani Kinondoni, kwenda Mbudya au Bongoyo. Au Kigamboni kwenda Sinda.

Abiria wa kivuko hupangiwa saa, chombo na wingi wa watu. Mwenye kukodi huyapanga mwenyewe, na kwa kadiri anavyopanga ndivyo anavyobeba dhamana. Akimbembeleza nahodha apakie jamaa waliozidi, au avuke kusi likivuma kwa nguvu, kusema inshallah hakumwondolei sehemu yake.

Dini zote mbili kubwa za pwani zinaafikiana hapa. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alifundisha katika Ihya Ulum al-Din kwamba kuacha sababu iliyo wazi si tawakali: mwenye njaa asiyenyoosha mkono kwenye chakula kilicho mbele yake amepungukiwa na akili. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 27, Paulo alikuwa ameahidiwa kwamba hakuna atakayekufa katika dhoruba. Hata hivyo, mabaharia walipotaka kutoroka, alionya kwamba wasipobaki merikebuni wengine hawataokoka. Ahadi ya Mungu haikuifuta kazi ya mabaharia.

Wapo wanaopinga kwa hoja kwamba kila mtu ana siku yake. Khalifa Umar aliulizwa jambo hilo alipogeuza msafara kuepuka tauni ya Sham, akajibu kwamba anaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Tahadhari nayo imo ndani ya kadari.

Baada ya meli ya MV Spice Islander kuzama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, ikiwa imezidisha abiria, wafiwa walihitaji kusikia kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Maneno hayo ni faraja ya haki kwa aliyefiwa. Kwa aliyezidisha abiria hayawi kinga.

Wajibu wa mwenye kukodi, basi, unajulikana: kuuliza cheti cha chombo kinachotolewa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania (TASAC), kuhesabu jaketi za kuokolea maisha pamoja na za watoto, kufuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, kujua saa za maji kujaa na kupwa, na kumwachia mtu wa nchi kavu habari za safari. Uzito zaidi uko kwenye malipo. Nahodha anayejua kwamba akiahirisha atakosa riziki ya siku hiyo huwekwa kati ya njaa na dhamiri. Haki ni kukubaliana mapema kwamba bahari ikichafuka safari itasogezwa na malipo yake ya awali hayatadaiwa yarudishwe. Hayo yakitimia, dua ya kuondoka ni tawakali kamili.