Kura ni Amana: Maneno kwa Wapiga Kura wa Mpakani na wa Pwani

Tumeulizwa na baadhi ya ndugu zetu wa Mombasa, ambao kazi yao ni kupeleka malori Uganda na kurudi, juu ya mambo wanayoyaona na kuyasikia Busia na Malaba kila uchaguzi unapokaribia. Wasema kwamba wako watu wanaokusanya vitambulisho vya maskini kwa fedha kidogo. Na wako wanaotuhumiwa kuvuka mpaka ili wapige kura upande usio wao. Na wako wenyeji wa haki wanaosumbuliwa kwa sababu tu lugha yao husemwa pande zote mbili. Kisha wao wenyewe madereva siku ya kura huwakuta katika foleni ya malori, yapata kilomita 900 kutoka vituo walivyojiandikisha, na haki yao ikawapita hivi hivi. Wauliza: Je, kura ni mali ya mtu, afanye nayo apendavyo, au ni kitu kingine?

Swali hili ni kubwa kuliko linavyoonekana, na jawabu lake lawahusu watu wa Lamu na Malindi kama linavyowahusu watu wa Malaba.

Mali ni kitu ambacho mtu akikipoteza, hasara ni yake. Mwenye kuuza mbuzi wake kwa bei ya kutupa amejidhulumu nafsi yake, wala jirani hana neno. Lakini kura haiko hivyo. Mtu akiiuza kura yake, yule aliyenunua hawi mtawala wa muuzaji peke yake. Huwa mtawala wa jirani yake, na mjane wa mtaa wa pili, na mtoto ambaye hajazaliwa. Basi ndani ya kura ya mtu mmoja mna haki za watu wengi. Na kitu ambacho kimo mikononi mwako ilhali ndani yake mna haki za wengine, jina lake ni amana. Tena kura ni ushahidi: mwenye kuipiga ashuhudia kwamba fulani anafaa kushika mambo ya watu. Ushahidi hauuzwi, wala haufichwi pasipo udhuru, wala hautolewi mara mbili na mtu mmoja katika jambo moja. Dini yetu imekwisha yasema haya juu ya amana na ushahidi, na imemlaumu mla rushwa na mtoaji wake pia. Lakini hata asiye wa dini yetu, akipima kwa akili yake, ataona ni kweli.

Hapa yuko atakayetujibu: “Mimi ni maskini. Nimechukua fedha zake, kisha nikampigia kura nimtakaye. Aliyedanganyika ni yeye.” Maneno haya husemwa na wengi, na husemwa kwa kicheko. Sisi twaona kwamba hayasimami. Kwanza, mtu huyo amepokea kitu kwa ahadi ambayo hakukusudia kuitimiza, na uwongo hauwi halali kwa kuambiwa mwongo. Pili, kila anayepokea huwaambia watafuta viti kwamba mji huu una bei. Na mji ukishajulikana bei yake, mtu mwema asiye na fedha hasimami tena, hata hiyo kura uliyosema umeihifadhi ikakosa wa kupewa. Tatu, aliyetoa fedha hakuzitoa sadaka. Atazirudisha, na atazirudisha katika dawa za zahanati, katika barabara na katika mishahara ya walimu. Huyo maskini aliyecheka ndiye atakayelipa, na atalipa zaidi ya alichopewa.

Hata hivyo insafu yatutaka tuseme na hili: dhambi ya anayenunua kwa tamaa si sawa na ya anayeuza kwa njaa. Na mji uliomwacha mtu wake alale na njaa hata kitambulisho chake kikawa ndiyo bidhaa yake ya mwisho, mji huo una fungu lake katika kosa. Wenye uwezo wasiwatukane maskini siku ya uchaguzi ikiwa hawakuwatazama siku nyingine zote.

Ama wanaokusanya vitambulisho, hao wana hila nyingine. Hawataki kura yako, wataka usipige. Kwa sheria ya Kenya mpiga kura hana budi aje na hati ile ile aliyojiandikishia, kitambulisho au pasipoti. Basi anayekishika kitambulisho chako siku ile amenunua ukimya wako. Msimpe mtu yeyote kitambulisho chenu, awe rafiki, awe tajiri wenu, awe mkubwa wa chama, kwa rehani wala kwa ahadi.

Sasa tuje kwenye jambo la mpaka. Yafaa ijulikane kwamba mstari ule haukuchorwa na wenyeji. Hata kufikia mwaka 1902 nchi ile yote, na Kisumu pamoja, ilihesabiwa katika Himaya ya Uganda. Mwaka ule Waingereza wakaitoa huko wakaitia katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Wateso wakawa huku na huko, Wasamia huku na huko. Ndugu wa tumbo moja, huyu ana serikali yake na huyu ana yake. Si ajabu, basi, mtu wa Malaba kuwa na shamba ng’ambo, au mke wake kuwa ametoka Tororo. Undugu huo si kosa, na asiufanye mtu kuwa kosa.

Lakini undugu ni jambo moja na kura ni jambo jingine. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 83, yasema kwamba raia atajiandikisha katika kituo kimoja tu. Aliye raia wa nchi mbili kwa njia ya sheria, Katiba hiyo imemruhusu uraia wake, nasi hatuna neno naye ila kumkumbusha kwamba mwenye kuchagua afaa awe ni mwenye kuishi na alichokichagua. Maneno yetu ni kwa yule aliyepata karatasi kwa hila, au anayekubali kupakiwa katika gari alfajiri ili avushwe apige kura kwa jina lisilo lake, kisha jioni arudi kwake. Mtu huyo amewachagulia wengine mtawala, na yeye hatalala chini ya utawala huo. Ni kama mgeni aliyeingia katika mahakama ya watu akatoa ushahidi katika kesi asiyoijua, akapokea ujira, akaenda zake. Kila kura ya namna hiyo yafuta kura ya mwenyeji mmoja, wala mwenyeji huyo hajui kwamba ameibiwa.

Na iko dhuluma ya upande wa pili, nayo twaiona ni nzito vile vile. Nayo ni kumshuku mwenyeji wa haki kwa jina lake, au lafudhi yake, au uso wake, ukamwambia: “Wewe ni wa ng’ambo.” Kumnyima haki mwenye haki kwa kuogopa mwizi ni kuiba kwa mkono mwingine. Sisi watu wa Pwani ndio tunaopaswa kulijua jambo hili kuliko wote. Wangapi miongoni mwetu waliulizwa cheti cha babu ilhali wenzao hawakuulizwa hata cha baba? Wamakonde wa Kwale walikaa Kenya miaka mingi pasipo uraia hata walipokubaliwa mwaka 2016. Na Wapemba wa pwani yetu hawakukubaliwa ila mwaka 2023. Watu hao walizaliwa, wakavua, wakalima, wakazika wazee wao katika nchi hii, na kila siku ya kura walikuwa watazamaji. Mwezi wa Februari 2025 Rais alitangaza huko Wajir kwamba uchunguzi ule wa ziada waliokuwa wakifanyiwa watu wa wilaya za mpakani waombapo vitambulisho umeondolewa. Basi aliyeonja uchungu huo asimwonjeshe Mteso wa Malaba. Mwenye kumtuhumu mtu na alete dalili mbele ya wenye mamlaka. Asisimame kwenye mlango wa kituo akawa yeye ndiye hakimu.

Ama ndugu zetu madereva na matingo wao, shauri letu kwao ni kwamba amana hulindwa kabla ya siku yake. Tarehe ya uchaguzi haiji kwa ghafla. Katiba imekwisha itaja kuwa ni Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti kila mwaka wa tano, na kwa hivyo ijayo ni tarehe 10 Agosti 2027. Mwenye kukaa zaidi Malaba kuliko Mombasa na aombe kuhamishiwa kituo cha huko kabla daftari halijafungwa. Mwenye kukaa Mombasa na apange safari zake mapema na tajiri wake, na tajiri mwenye hofu ya Mungu asimtume mtu wake njiani wiki ile. Na wanaoishi Uganda wajue kwamba tangu mwaka 2013 Wakenya waliojiandikisha huko wamepewa nafasi ya kumchagua Rais wakiwa huko huko. Kila mtu na alitazame jina lake katika daftari mapema, kwani anayegundua asubuhi ya kura kwamba jina lake halimo hana tena la kufanya ila kusikitika.

Siku yenyewe ikifika, kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na hufungwa saa kumi na moja jioni. Lakini aliyekwisha kuwamo katika mstari saa hiyo ya kufunga ana haki ya kupiga kura yake, wala asikubali kufukuzwa kwa maneno ya “saa imekwisha”. Mashine ikikataa alama za vidole vyake, asiondoke kwa aibu. Wazee wetu wengi vidole vimelika kwa kazi. Amwombe msimamizi wa kituo atafute jina lake kwa nambari ya kitambulisho. Asiyeona au asiyejua kusoma ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemwamini. Na aijue siri ya kura, asiionyeshe karatasi yake kwa mtu, wala asiipige picha kwa simu ili kumthibitishia aliyemlipa. Wenye umri wakumbuka mwaka 1988, watu waliposimamishwa milolongo nyuma ya wagombea katika uteuzi wa KANU, kila mtu akaonekana na chifu na tajiri wake. Na ikashuhudiwa mahali pengi mstari mfupi ukatangazwa kuwa ndio ulioshinda. Siri ya kura ndiyo inayomfanya mnyonge awe sawa na mkubwa wake kwa dakika moja. Anayeiuza siri hiyo arudisha mlolongo.

Na kura zikisha hesabiwa, matokeo huandikwa katika fomu 34A na kubandikwa mlangoni mwa kituo. Kila mtu aweza kuyasoma. Mahakama ya Rufani ilikata mwaka 2017 kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa kwenye vituo vya majimbo ni ya mwisho, hayabadilishwi na mkubwa aliyeko Nairobi. Basi kuyasoma na kuyakumbuka ni katika kuilinda amana.

Limebaki neno la waliokata tamaa. Wao husema: “Kura zetu huibwa, na hata zisipoibwa, kura yangu moja ni nini?” Twawajibu la kwanza: mwezi wa Septemba 2017 Mahakama ya Juu, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, iliubatilisha uchaguzi wa Rais kwa makosa yaliyoonekana. Mahakama haikupata la kuhukumu ila kwa kuwa watu walikuwa wamepiga kura, na karatasi zikawapo za kutazamwa. Aliyekaa nyumbani hana alichoibiwa, wala hana cha kudai.

La pili tutawakumbusha jirani zetu wa Unguja na Pemba. Mwezi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu, na kwa kiti hicho chama kimoja kikawa na viti 10 na kingine 9. Na hapa Kenya, mwaka 2022, aliyeshinda na aliyemfuata walitengana kwa kura zisizofika laki mbili na nusu, ilhali waliojiandikisha wasipige walipita milioni saba. Hao walionyamaza walikuwa wengi mara nyingi kuliko tofauti yenyewe. Wala tusisahau kwamba Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wajumbe wao kwa mara ya kwanza, kura ilipimwa kwa elimu na mali: huyu akapewa kura moja, na huyu hata tatu, na wengi hawakupewa kabisa. Waliotutangulia walidai hata kila mtu mzima akawa na yake moja, sawa na ya mwenzake. Kuiuza leo ni kurudi kwa hiari yetu pale walipotutoa.

Basi, ndugu zetu, wa Malaba na wa Mombasa, kura si kubwa hata ikufanye umchukie jirani yako, wala si ndogo hata uiache kwa bei ya unga. Jiandikisheni mara moja, pigeni mara moja, msiuze wala msiazime, na msimzuie mwenye haki. Aliyeshindwa kwa haki na asubiri. Aliyedhulumiwa na aende mahakamani, asiende na rungu. Na Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuzitimiza amana, ndogo zake na kubwa zake. Amin.